Mstari Unaofuata Wakati: Historia ya Mikunjo ya Kiparameta, Kutoka Gurudumu hadi R

Mwishoni mwa karne ya 16, Galileo Galilei alikuwa na swali ambalo jometri ya Wagiriki haikumpa njia ya kulijibu. Tia alama ya chaki kwenye ukingo wa gurudumu, kisha lisukume juu ya sakafu iliyonyooka. Alama itapanda, itafika kileleni, itashuka mpaka iguse sakafu tena, na njia yake hewani itakuwa tao. Je, eneo lililo chini ya tao hilo ni mara ngapi ya eneo la gurudumu lenyewe? Galileo, ambaye ndiye aliyeupa mkunjo huo jina la sikloidi, alikata umbo la tao na umbo la duara kutoka kwenye bati la aina moja, akayaweka kwenye mizani. Uzito wa tao ulikaribia mara tatu ya uzito wa duara. Kwa kuwa haikutoka tatu kamili, alishuku kwamba uwiano wa kweli si namba nzima, akaliacha swali hapo.

Mizani haikuwa na kosa kubwa. Kilichokosekana ni lugha ya kuueleza mkunjo wenyewe. Mwanafunzi wa sekondari amezoea milinganyo ya aina ya y = x², ambamo x inatangulia na y inafuata: ukipewa umbali wa kwenda kulia, unapata kimo. Sikloidi haikubali utaratibu huo. Hakuna fomyula nyepesi inayopokea umbali na kutoa kimo cha alama ya chaki. Lakini ukiuliza gurudumu limezunguka kwa pembe gani, majibu yote mawili yanakuja kwa pamoja. Tuiite pembe hiyo t, na nusu kipenyo cha gurudumu tukiite r. Basi x = r(t − sin t), na y = r(1 − cos t). Hapo x haiitawali y, wala y haiitawali x. Zote mbili zinaitii t. Ni kama msafiri anayesimulia njia yake kwa saa: saa mbili nilikuwa Chalinze, saa nne Morogoro, saa tisa Iringa. Hiyo t ndiyo parameta, na mstari unaopatikana kwa kuunganisha nukta zake kwa mfuatano ndio mkunjo wa kiparameta.

Historia ya mikunjo hii ni historia ya watu waliokubali kwamba mstari unaweza kuwa kumbukumbu ya mwendo. Ni historia pia ya vyombo walivyounda ili kuunasa mwendo huo: timazi, vioo, kalamu za mashine, na hatimaye lugha za programu zilizoandikwa kwa ajili ya wanatakwimu, watu ambao hawakuwa na haja yoyote ya kuchora njia ya gurudumu.

Ugomvi wa gurudumu

Mnamo mwaka 1634, huko Paris, Gilles Personne de Roberval alithibitisha kile ambacho mizani ya Galileo ilikuwa imedokeza: eneo chini ya tao la sikloidi ni mara tatu kamili ya eneo la duara lililolizaa. Hakulitangaza jibu lake. Kiti chake cha ualimu kilishindaniwa upya kila baada ya miaka mitatu, na mtu aliyekuwa na jibu ambalo wengine hawakuwa nalo alikuwa na silaha ya kukilinda. Roberval alikikalia mpaka alipofariki mwaka 1675, lakini usiri ulimgharimu. Mwaka 1644 Evangelista Torricelli, mwanafunzi wa Galileo, alichapisha uthibitisho wake mwenyewe, na Roberval akamshutumu kwa wizi.

Katikati ya mambo hayo René Descartes alitoa kitabu chake cha jometri, mwaka 1637, kilichoonyesha jinsi mkunjo unavyogeuzwa kuwa mlinganyo. Kilifungua njia pana, lakini kilifunga mlango mmoja. Mikunjo iliyotokana na milinganyo ya aljebra Descartes aliikubali kuwa ya jometri halali. Ile iliyohitaji miendo miwili kwa pamoja, isiyo na uhusiano unaopimika kikamilifu, aliiita ya kimakanika na kuiweka nje. Sikloidi ilikuwa miongoni mwa zilizowekwa nje, kwa sababu gurudumu linazunguka na kusonga mbele kwa wakati mmoja.

Mpaka huo haukuheshimiwa kwa muda mrefu. Mwaka 1658 Blaise Pascal, aliyekuwa amegeukia dini na kuacha hisabati, alirudi kwenye sikloidi usiku mmoja, na inasimuliwa kwamba alifanya hivyo ili kusahau maumivu ya jino. Alitangaza shindano lenye zawadi kwa wanahisabati wa Ulaya. Mwaka huohuo Christopher Wren, ambaye baadaye alijenga kanisa kuu la St Paul jijini London, alionyesha kwamba urefu wa tao moja la sikloidi ni mara nane ya nusu kipenyo cha gurudumu, bila π kuonekana popote. Christiaan Huygens aligundua mwaka 1659 kwamba ukiupindua mkunjo huo na kuachia goroli liteleze ndani yake, litafika chini kwa muda uleule popote utakapoliachia. Aliutumia ugunduzi huo katika kazi yake ya saa za timazi, na mwaka 1673 akauchapisha. Kisha mwaka 1696 Johann Bernoulli akawauliza wenzake: ni njia ipi kati ya nukta mbili itakayoteremsha kitu kwa muda mfupi kuliko zote? Jibu lilikuwa sikloidi tena. Isaac Newton, ambaye wakati huo alifanya kazi kwenye kiwanda cha sarafu cha Uingereza, alilipata swali hilo Januari 1697 na kulitatua kwa usiku mmoja.

Kufikia hapo hakuna aliyeweza tena kusema kwamba mwendo hauna nafasi katika jometri. Saa, mvutano wa dunia na kuteleza kwa vitu vilikuwa vimeuleta ndani.

Timazi ya Salem na vioo vya Paris

Hatua iliyofuata ilikuwa kuacha maumbile yachore yenyewe. Mwaka 1815 Nathaniel Bowditch, mwanahisabati wa mji wa bandari wa Salem, Massachusetts, alichapisha uchunguzi wa timazi iliyofungwa kwenye nukta mbili badala ya moja. Kamba mbili zinazokutana na kuwa moja, mfano wa herufi Y, huifanya timazi iwe na urefu mmoja ikibembea kwenda mbele na nyuma, na urefu mwingine ikibembea kulia na kushoto. Miendo miwili, kila mmoja na kasi yake, inakutana kwenye ncha moja. Njia ya ncha hiyo huandikwa x = sin(at + d), y = sin(bt). Thamani za a na b zikiwa katika uwiano wa namba ndogo nzima, kama 1 kwa 2 au 2 kwa 3, mstari hujirudia na kufunga umbo: nane iliyolala, upinde, au fundo lenye vitanzi vingi. Uwiano usipokuwa wa namba nzima, mstari haujifungi kamwe, na polepole hujaza kisanduku chote.

Bowditch hakuwa mgeni wa Bahari ya Hindi. Safari yake ya kwanza baharini, mwaka 1795, ilimfikisha kisiwa cha Bourbon, ambacho leo kinaitwa Réunion. Kitabu chake cha urambazaji cha mwaka 1802 kilibebwa na mabaharia wa Marekani kwa vizazi. Miaka ishirini na kitu baadaye, wafanyabiashara wa Salem ndio waliotangulia kufungua biashara ya Marekani na Zanzibar. Wao na majirani zao wa Massachusetts ndio walioleta pwani yetu kile kitambaa cha pamba kilichopewa jina la merikani, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Zanzibar, aliyeanza kazi mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem.

Mikunjo ya Bowditch, hata hivyo, ilichukua jina la mtu mwingine. Mwaka 1857 Jules Antoine Lissajous, mwalimu wa fizikia jijini Paris, alieleza namna ya kuifanya sauti ionekane kwa macho. Alichukua vyuma viwili vyenye umbo la uma, vile vinavyotumika kupimia noti za muziki, akabandika kioo kidogo kwenye kila kimoja. Kimoja kilitetema kwenda juu na chini, kingine kulia na kushoto. Mwale wa mwanga uligonga kioo cha kwanza, ukadundia kwenye cha pili, kisha ukaangukia ukutani. Kwa kuwa jicho haliwezi kufuata mitetemo mamia kwa sekunde, lililoonekana ukutani halikuwa nukta inayokimbia bali umbo zima linalong'aa. Umbo likitulia, noti mbili zimelingana. Likianza kugeuka polepole, moja imepotoka kidogo. Fundi aliweza kuona kosa dogo ambalo sikio lisingelisikia. Lissajous alikuwa mmoja wa wajumbe wa kamati iliyoongoza Ufaransa kuweka kiwango rasmi cha noti ya La mwaka 1859: mitetemo 435 kwa sekunde.

Mwaka 1897 Karl Ferdinand Braun, Mjerumani, alibuni bomba ambamo mwale wa elektroni huchora kwenye kioo. Kuanzia hapo maumbo ya Lissajous yakahamia kwenye vifaa vya mafundi wa umeme na redio, ambako nguvu moja ya umeme husukuma mwale kulia na kushoto, na nyingine juu na chini. Wazo halikubadilika: x ina bwana wake, y ina bwana wake, na saa ni moja.

Duaradufu ya Galton

Wanatakwimu waliingia kwa mlango wa pembeni. Mwaka 1886 Francis Galton, Mwingereza, alichapisha uchunguzi wa vimo vya wazazi 205, mume na mke wakihesabiwa pamoja, na watoto wao 928 waliokwisha kuwa watu wazima. Alipanga hesabu zake kwenye jedwali, vimo vya wazazi upande mmoja na vya watoto upande mwingine, kisha akaunganisha kwa mistari sehemu zenye hesabu zinazokaribiana. Yakatokea maumbo ya duaradufu, moja ndani ya jingine, yote yakiwa na kitovu kimoja na yote yameinama upande uleule. Alimpelekea swali la maumbo hayo J. D. Hamilton Dickson, mwanahisabati wa Cambridge, bila kumwambia kwamba linahusu vimo vya watu, na hesabu za Dickson zikathibitisha alichokiona. Humo ndimo zilimozaliwa dhana mbili ambazo mwanafunzi wa takwimu hawezi kuzikwepa leo: regresheni na uwiano wa kuhusiana.

Duaradufu haiwezi kuandikwa kwa mtindo wa x kutangulia na y kufuata. Kila x iliyo ndani yake ina y mbili, moja juu na moja chini. Ukijaribu kuichora kwa mtindo huo unalazimika kuikata nusu mbili na kuziunganisha pembeni, mahali ambapo mstari unasimama wima na hesabu inaharibika. Kiparameta ni rahisi: x = a cos t, y = b sin t, kisha uigeuze na kuisogeza hadi kwenye kitovu cha data. Kwa hiyo, bila kujitangaza, mkunjo wa kiparameta ulikuwa umeshaingia katika kiini cha takwimu karne moja kabla ya kompyuta za mezani.

Kalamu inayotii namba

Mwaka 1959 kampuni ya California Computer Products ilitoa plota iitwayo Calcomp 565. Karatasi ilizungushwa na silinda mbele na nyuma, na kalamu ilikwenda kushoto na kulia juu yake. Injini mbili, mihimili miwili, na kila hatua ilikuwa sehemu ya mia moja ya inchi. Kwa umbile lake mashine hiyo ilikuwa ya kiparameta: haikujua y ya x yoyote, ilijua tu kwamba kwa kila mpigo wa saa kalamu isogee hatua moja huku au kule.

Kwa kuwa ilijua hatua ndogo tu, mstari wa mshazari ulikuwa tatizo. Hatua ipi iwe ya kwenda kando, na ipi ya kupanda? Jack Bresenham wa IBM alipata jibu mwaka 1962, akifanya kazi na plota ya Calcomp: utaratibu unaoamua kila hatua kwa kujumlisha na kutoa namba nzima, bila kuzidisha wala kugawanya desimali. Ulichapishwa mwaka 1965. Baada ya hapo mkunjo wowote, uwe sikloidi au duaradufu, ungeweza kuvunjwa kuwa vistari vifupi vilivyonyooka, na vistari hivyo kuvunjwa kuwa hatua za kalamu.

Wakati huohuo viwanda vya magari vya Ufaransa vilikuwa na haja yao. Paul de Casteljau wa Citroën, kuanzia mwaka 1959, na Pierre Bézier wa Renault, miaka michache baadaye, walibuni namna ya kueleza mabati ya magari kwa mikunjo ambayo parameta yake inakwenda kutoka 0 hadi 1. Citroën ilificha kazi ya mtu wake, Renault iliruhusu ya kwake ichapishwe, na ndiyo maana mikunjo hiyo inaitwa ya Bézier. Herufi nyingi unazozisoma kwenye skrini leo zimechorwa kwa mikunjo ya jamii hiyo.

Mei 1976, Murray Hill

Tarehe 5 Mei 1976 kundi dogo la wanatakwimu wa maabara ya utafiti ya Bell Labs, huko Murray Hill, New Jersey, lilikutana kujadili jinsi ya kufanya kazi bila kuandika programu ndefu kwa lugha ya Fortran kila walipotaka kutazama data. John Chambers aliwaonyesha mchoro wa wazo lake: algoriti ya Fortran ikiwa ndani, na kuizunguka, ganda la lugha nyepesi ambayo mtu angeweza kuzungumza nayo moja kwa moja. Chambers, Richard Becker na wenzao waliijenga lugha hiyo, na ikaitwa S. Mahali penyewe palisaidia. John Tukey, ambaye kitabu chake cha mwaka 1977 kiliwahimiza wanatakwimu waitazame data kabla ya kuihukumu, alikuwa na ofisi huko. Katika hali hiyo michoro haikuwa pambo la mwisho wa ripoti; ilikuwa sehemu ya kufikiri.

Uamuzi mmoja wa S ndio unaotuhusu zaidi. Kitu cha msingi katika lugha hiyo hakikuwa namba moja bali vekta, yaani safu ya namba zenye mpangilio. Hata namba moja ilihesabiwa kuwa vekta yenye urefu wa moja. Ukiwa na vekta t yenye namba 500, cos(t) inakupa vekta nyingine yenye namba 500, kila moja mahali pake. Wanatakwimu waliutaka utaratibu huu kwa sababu data yao ndivyo ilivyo: vimo 928, mvua ya miezi 120, bei za wiki nzima. Lakini vekta mbili zilizolingana urefu, x na y, zilizosomwa kwa mfuatano, ndiyo tafsiri kamili ya mkunjo wa kiparameta. S haikuhitaji amri maalumu ya kuuchora.

Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1980 S ilitoka nje ya Bell Labs, ikienda na mfumo wa UNIX. Mwaka 1988 toleo jipya lilieleza upya lugha nzima, na mwaka huohuo kampuni moja ya Seattle ikaanza kuuza toleo la kibiashara lililoitwa S-PLUS.

Mkunjo katikati ya data

Wakati huo Trevor Hastie, mtakwimu aliyezaliwa Afrika Kusini, alikuwa amejiunga na Bell Labs baada ya shahada yake ya uzamivu huko Stanford. Kazi yake pamoja na Werner Stuetzle, iliyochapishwa mwaka 1989, iliuliza swali jipya: tuseme una wingu la nukta, na hutaki mstari ulionyooka unaopita katikati yake bali mkunjo wowote laini. Mkunjo huo utaupataje? Jibu lao, mkunjo mkuu, ni wa kiparameta moja kwa moja. Kila nukta ya data inatafuta mahali pa karibu zaidi kwenye mkunjo. Kisha mkunjo unasogea hadi kwenye wastani wa nukta zilizoangukia kila mahali. Kisha zoezi linarudiwa mpaka mkunjo utulie. Parameta ni umbali uliotembea juu ya mkunjo wenyewe.

Swali halikutoka hewani. Stanford ilikuwa inajenga mashine ya kugonganisha elektroni na pozitroni, ambamo mamia ya sumaku yalipaswa kupangwa katika njia iliyopinda ili kuiongoza miale. Vipimo vilionyesha kwamba sumaku zilikuwa zimepotoka kidogo kutoka kwenye ramani. Kuirudisha kila moja mahali pake halisi kungekuwa kazi kubwa isiyo ya lazima. Kilichotakiwa ni njia iwe laini. Mkunjo mkuu uliopita katikati ya sumaku kama zilivyokuwa ulionyesha ni zipi zisogezwe, na kwa kiasi gani. Programu ya Hastie iliandikwa kwa S, na baadaye ilihamishiwa katika lugha iliyorithi S.

Auckland

Lugha hiyo ilizaliwa New Zealand. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ross Ihaka, mtakwimu mwenye asili ya Wamaori, na Robert Gentleman, Mkanada, walikuwa wakifundisha Chuo Kikuu cha Auckland. Walitaka programu nzuri ya kufundishia kwenye kompyuta za Macintosh za maabara yao, na hawakuipata. Ihaka alikuwa amevutiwa na Scheme, lugha ndogo yenye kanuni safi, na wawili hao walianza na mkalimani mdogo wa mistari karibu 1,000 ya C. Ndani iliwaza kama Scheme, nje ilizungumza kama S. Wakaiita R, kwa herufi ya kwanza ya majina yao na kwa utani juu ya S.

Urithi wa Scheme ulileta tofauti inayoonekana mtu anapochora. Katika R, funksheni inayozaliwa ndani ya funksheni nyingine hukumbuka mazingira ya kuzaliwa kwake. Unaweza kuandika kiwanda kinachopokea a na b na kukutolea mkunjo wa Lissajous ulio tayari, ambao utaendelea kuzijua a na b zake popote utakapoupeleka. S ya wakati ule ingezitafuta a na b mahali pengine na kuzikosa.

Agosti 1993 walitangaza kazi yao kwa watumiaji wa S. Martin Mächler wa Zürich aliwashawishi waiachie kama programu huria, na Juni 1995 R ikatolewa chini ya leseni ya GPL. Tarehe 23 Aprili 1997 Kurt Hornik na Friedrich Leisch, Vienna, walitangaza ghala la pamoja liitwalo CRAN, lililoanza na vifurushi 12. Leo lina zaidi ya 20,000. Toleo la 1.0.0 lilitoka siku isiyokuja kila mwaka: 29 Februari 2000.

Leseni hiyo ilikuwa na maana ya moja kwa moja kwa vyuo vyenye bajeti ndogo. Mwanafunzi wa Dar es Salaam, Kampala au Bujumbura anapata programu ileile anayotumia profesa wa Zürich, bila kulipa. Huko Maseno, magharibi mwa Kenya, watayarishaji programu wa Kikenya walishiriki kujenga R-Instat, inayoiweka R nyuma ya menyu ili mtu asiyeandika msimbo aweze kuitumia.

Mistari miwili ya msimbo

Kuchora duara katika R ni kazi ya mistari miwili:

t <- seq(0, 2*pi, length.out = 500)
plot(cos(t), sin(t), type = "l", asp = 1)

Mstari wa kwanza unatengeneza saa: namba 500 kutoka 0 hadi 2π, kwa hatua zilizolingana. Wa pili unapeleka vekta mbili kwenye karatasi. Herufi l inaagiza nukta ziunganishwe kwa mistari, na asp = 1 inalazimisha kipimo cha mihimili yote miwili kiwe kimoja; bila hiyo, duara linaweza kuvutwa likawa yai kulingana na umbo la dirisha. R ina amri nyingine iitwayo curve, lakini hiyo ni ya y inayofuata x, na wanaoanza hupoteza muda wakijaribu kuilazimisha ichore duara.

Badilisha cos(t) na sin(t) kwa t - sin(t) na 1 - cos(t), unapata sikloidi. Weka sin(2*t) na sin(3*t), unapata umbo la Lissajous. Duaradufu ya Galton inapatikana kwa kuzidisha nukta za duara na matriki inayotokana na mtawanyiko wa data, kisha kuongeza wastani. Vifurushi vingi vya R vinavyochora eneo la asilimia 95 kuzunguka wingu la nukta hufanya hivyo kimyakimya.

Idadi ya nukta si jambo dogo. Mwaka 1989 Temple Fay alichapisha mkunjo wenye umbo la kipepeo, ambao t yake inakwenda kutoka 0 hadi 12π huku mabawa yakipanuka na kusinyaa. Kwa nukta 100 kipepeo huyo anakuwa rundo la vijiti vilivyovunjika; kwa nukta elfu kadhaa mabawa yanalainika. Tena, hatua zilizolingana za t si hatua zilizolingana juu ya karatasi. Alama ya chaki inapogusa sakafu, kasi yake inashuka hadi sifuri, na nukta za sikloidi hurundikana hapo. Kileleni inakimbia, na nukta hutawanyika.

Mfuatano

Mwaka 2007 Hadley Wickham, mtakwimu wa New Zealand aliyesoma Auckland, alitoa ggplot2, kifurushi kilichojengwa juu ya nadharia ya Leland Wilkinson kwamba kila mchoro wa takwimu una sarufi yake. Ndani ya sarufi hiyo kuna njia mbili za kuunganisha nukta. Ya kwanza, geom_line, huzipanga nukta kwa ukubwa wa x kabla ya kuziunganisha, kwa sababu wachoraji wengi wa takwimu huweka tarehe au umri kwenye mhimili huo. Ya pili, geom_path, huziunganisha kama zilivyokuja. Mtu akichora duara kwa njia ya kwanza, kalamu inaruka kutoka nusu ya juu hadi nusu ya chini na kurudi, na duara linageuka meno ya msumeno. Akitumia ya pili, duara linatoka.

Tofauti kati ya amri hizo mbili inabeba hoja yote ya karne nne hizi. Ya kwanza inadhani kwamba x ndiyo bwana. Ya pili haidhani lolote. Inaamini kwamba aliyezileta nukta alikuwa na sababu ya mfuatano wake. Chambers na Becker hawakuiandika S kwa ajili ya sikloidi, wala Ihaka na Gentleman hawakuwafikiria wachora vipepeo. Walichofanya ni kuheshimu mpangilio wa namba kama zilivyopokewa, na kumwachia mtumiaji uamuzi wa nini kitangulie. Kwa anayechora leo, kazi iliyobaki ni ya kuchagua: t ianzie wapi na iishie wapi, nukta ziwe ngapi, na mahali gani zisongamane. Kompyuta haiijui sikloidi. Inajua nukta zilizopangwa, na anayezipanga ni mchoraji.